Nyumba Namba 47, Saa Nne Asubuhi

Jumatatu, 6 Mei

Hatimaye! Mkurugenzi katuita ofisini kwake wawili tu, mimi na Desimali. Nafasi ya mchambuzi mwandamizi wa takwimu iko wazi. Atakayeleta utafiti bora ndiye atakayeichukua, pamoja na kiti chake cha kuzunguka chenye magurudumu. Miaka sita nimekalia kiti cha plastiki chenye ufa unaobana suruali. Sasa basi.

Desimali si jina lake. Nimempa mimi, kwa sababu dada huyu hawezi kutaja namba bila kuweka desimali mbili nyuma yake. Mtu mzuri, mchapakazi, lakini hana maono.

Yeye kapewa Eneo B. Mimi Eneo C: kaya arobaini, umri wa wakazi, kazi zao na matumizi yao. Nikaitazama ramani, nusura nicheke mbele ya bosi. Eneo C ni mtaa wetu! Nitafanya kazi nikiwa nimevaa ndala. Sikusema kitu. Mjinga gani angesema?

Barua ya maelekezo ina kurasa nne. Ya kwanza nimeisoma kwa makini sana. Zile tatu zina maandishi madogo, na ni yale yale ya siku zote.

Jioni mke wangu karudi mnyonge. Yeye ndiye mkuu wa kituo cha kulelea watoto pale mwisho wa mtaa, mwaka wa tisa huu. Wanetu wote wawili wako huko huko. Kasikia halmashauri inataka kukifunga, ila kwanza wanasubiri wataalamu waje kuhesabu kama mtaa una watoto wa kutosha. Kikifungwa, yeye na walezi wenzake wanne wamemwaga unga. Nikamwambia atulie, wataalamu ni watu makini. Akaniuliza kama ni watu wa ofisini kwetu. Nikamjibu kwamba sisi hatuhesabu watoto, sisi tunachambua jamii. Akaonekana kupata nafuu kidogo.

Utafiti wangu sikumtajia. Siri ya kazi. Halafu angeuliza kwa nini asubuhi sipandi basi.

Jumanne, 7 Mei

Mke na watoto wameondoka saa kumi na mbili na nusu. Nikarudi kitandani kutafakari mbinu. Nimeamka saa tatu na nusu mbinu zikiwa tayari.

Kwanza, saa ya kupita. Saa nne asubuhi. Jua bado lina adabu, barabara tulivu, hakuna kelele. Saa saba nimemaliza, nakula, napumzika.

Pili, nyumba zenyewe. Naanza namba 2, kisha kila nyumba ya tano: 7, 12, 17, na kuendelea. Hapo hakuna upendeleo. Sayansi tupu.

Tatu, na hii ndiyo itakayonipatia kiti: watu husema uongo. Ukiwauliza wako wangapi nyumbani, wanapiga chuku. Wanaongeza wajomba, shangazi, watoto wa shangazi, wakidhani kuna kitu kitagawiwa. Kwa hiyo nimejiwekea kanuni. Nisiyemwona kwa macho yangu simwandiki. Jana nilimdokezea Desimali wazo hili, akanitazama, kisha akarudi kwenye madodoso yake. Wivu ni kitu kibaya.

Nimepita nyumba tisa. Namba 12 anakaa mwalimu mstaafu, miaka sabini na minne, hajawahi kuoa. Kanieleza habari za goti lake la kushoto kwa dakika arobaini, kisha tukaanza la kulia. Namba 22 ni mabibi wawili, mtu na dada yake, wote wajane. Wameninywesha chai vikombe vitatu. Namba 37 kuna mbwa. Nimemwona kwa macho yangu, na yeye kaniona, lakini dodoso halina sehemu yake. Nikahamia namba 38, ambako babu mmoja alikuwa kibarazani akisikiliza redio. Wahojiwa hodari ajabu. Hawana haraka na mtu.

Jumatano, 8 Mei

Leo utaratibu wa kila nyumba ya tano umenidondoshea namba 47. Nyumbani kwangu!

Mtafiti asiye na msimamo angeiruka. Mimi nikabisha hodi. Hakuna aliyejibu. Nikaingia, nikatazama chumba kwa chumba kama kanuni inavyotaka. Nikamkuta mkazi mmoja, mwanamume, miaka arobaini na moja, mbele ya kioo. Nikamhoji. Nikiri kwamba ni mhojiwa mwenye akili kuliko wote niliokutana nao wiki hii. Wakazi: mmoja. Mwenza: hayupo. Watoto: sifuri. Kwenye ajira nilisita kidogo, kwa sababu mtu aliyeko nyumbani saa nne asubuhi siku ya kazi anaandikwa hana kazi. Kanuni ni kanuni. Nikaandika hana kazi.

Nimejihisi mtu mwaminifu sana. Nikapita nyumba nyingine kumi na tano, kisha nikalala hadi saa tisa.

Mke karudi, kaniuliza mbona nimewahi. Nikamwambia mkutano uliahirishwa. Akasema wale wataalamu bado hawajafika kituoni, na kwamba kila anaposikia geti likilia anajiweka sawa na kuwapanga watoto mstari. Nikasema huo ni uzembe mkubwa, watu wanalipwa halafu hawatokei. Nikamwahidi kwamba nikimjua anayehusika nitamwambia ukweli wake.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemaliza kaya arobaini. Mchana nikaingiza kila kitu kwenye kompyuta ofisini. Matokeo yamenitia ganzi!

Wastani wa umri katika mtaa wetu ni miaka sitini na sita. Wasio na kazi, asilimia tisini na nne. Magoti mabovu, asilimia themanini na saba. Watoto chini ya miaka sita, wawili tu mtaa mzima: mmoja alikuwa na surua, mwingine alijificha chini ya meza na nikauona mguu. Nikachimba zaidi. Uhusiano kati ya kumiliki fimbo na kunywa chai kabla ya saa sita ni 0.81! Hakuna aliyewahi kuugundua kabla yangu.

Fikiria. Tumekaa mtaa huu miaka kumi na moja tukidhani ni mtaa wa kawaida, kumbe ni mtaa wa wazee wasio na kazi. Macho hudanganya. Takwimu zimenionyesha.

Desimali akapita nyuma yangu, akasoma kwenye skrini. Akaniuliza kwa upole nilibisha hodi saa ngapi. Nikamjibu kwamba nilibisha saa za kazi, kama mtumishi yeyote anayejiheshimu. Yeye, eti, alipita mara tatu kila nyumba: asubuhi, jioni na Jumapili. Macho yamemvimba kwa uchovu. Hajui kupanga muda.

Ijumaa, 10 Mei

Asubuhi ya furaha, mchana wa balaa.

Mkurugenzi kaisoma ripoti yangu akiwa amesimama. Kasema hajawahi kuona matokeo ya wazi namna hii. Kanipa mkono mara mbili. Kichwa kikanivimba. Akasema halmashauri watafurahi mno, maana sasa uamuzi umekuwa rahisi. Nikauliza uamuzi gani. Akanitazama. Ule ulioandikwa ukurasa wa pili, akasema.

Nikarudi kwenye kiti changu chenye ufa, nikaitoa barua, nikafungua ukurasa wa pili. Naunakili hapa kama ulivyo: iwapo watoto wa chini ya miaka sita watakuwa pungufu ya ishirini na tano kwa kila kaya mia moja, kituo cha kulelea watoto cha Eneo C kifungwe. Yangu ni watano kwa kila kaya mia.

Mtaalamu ni mimi! Yule anayesubiriwa getini ni mimi!

Wasilisho ni Jumatano, mbele ya madiwani na wadau.

Jioni mke wangu alikuwa anashona kitufe kwenye shati la mwanetu mkubwa. Kanieleza kwamba ameamua kutokuwa na hofu, kwa sababu yeyote atakayekuja na macho yake mawili ataona mtaa umejaa watoto. Nikasema kweli kabisa. Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka. Nikaomba chumvi.

Jumamosi, 11 Mei

Nimepata njia. Si kudanganya. Ni kurekebisha.

Nikiongeza watoto tisa tu, nitakuwa na kumi na mmoja kwenye kaya arobaini. Kituo salama, mke salama, kiti changu salama. Nimejifungia chooni na madodoso na penseli. Kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Kaya zenye watu walio katika umri wa kuzaa hazizidi tatu, na mojawapo ni ya kwangu. Hiyo sikuigusa. Kuchezea takwimu za nyumba yako mwenyewe si maadili.

Mwishowe mwalimu mstaafu nimempa mapacha. Wale mabibi wajane nimewapa watatu. Babu wa redio, wawili. Waliobaki nimewagawa kwa haki. Umri nimeweka miaka mitatu kwa wote, ni umri mzuri, mtoto ameshaanza kutembea na bado hajaanza kujibu wazazi.

Mwanangu mdogo, ambaye naye ana miaka mitatu, kapiga mlango wa choo hadi nikatoka. Hajui anavyopiganiwa.

Jumatatu, 13 Mei

Desimali kaniita pembeni, karibu na mashine ya kunakili. Mkurugenzi alimwomba apitie madodoso yangu. Hakupandisha sauti. Kaniuliza mapacha wa mwalimu wa miaka sabini na minne wanaendeleaje. Nikasema wanaendelea vizuri. Akauliza kwa nini watoto wote tisa wapya wamezaliwa mwaka mmoja, na kwa nini wameandikwa kwa penseli. Nikasema kalamu iliisha wino.

Akanirudishia madodoso yangu. Kisha akasema hatamwambia mtu. Akasema yuko tayari kunisindikiza leo jioni, saa kumi na mbili, watu wakiwa wamerudi makazini, tubishe hodi milango yote arobaini upya. Yeye ishirini, mimi ishirini. Kesho tunamwomba Mkurugenzi abadilishe jedwali, nami nieleze nilikosea saa. Kosa la kawaida, akasema, yeye mwenyewe alishalifanya mwaka wake wa kwanza.

Mtego! Nikikiri kosa, kiti ni chake. Nilimwona hadi ndani ya roho. Nikamshukuru, nikamwambia jioni nina miadi. Nilienda nyumbani, nikafuta watoto tisa kwa kifutio. Iliniuma kidogo, hasa wale mapacha.

Sasa takwimu ni zile za mwanzo, safi. Ila nina mpango mwingine. Jedwali la watoto nitaliweka ukurasa wa thelathini na nane, kwa maandishi madogo kama sisimizi. Hadi nifike huko madiwani watakuwa wameshasinzia. Nitapata cheo kwa ule uhusiano wa fimbo na chai, jambo la kituo litapita bila kutajwa, na mke wangu hatajua lolote.

Jumanne, 14 Mei

Mke wangu kapata barua. Kaalikwa mkutano wa kesho kama mdau. Kachagua gauni la bluu, kalipiga pasi mwenyewe mara mbili. Kanisomea maneno atakayosema. Kaniuliza kama yametosha. Nikasema yametosha.

Nilikuwa na jioni nzima na nusu ya usiku za kumwambia. Nilizitumia kupunguza ukubwa wa maandishi.

Jumatano, 15 Mei

Niandike tu yaishe.

Ukumbi ulijaa. Mke wangu kakaa mstari wa pili, daftari la mahudhurio mapajani. Nilipopanda jukwaani, uso wake uling'aa kwanza, akidhani nimekuja kumuunga mkono. Kisha akasoma jina langu kwenye ukuta, chini ya maneno Utafiti wa Eneo C. Sijui nieleze vipi alivyonitazama. Sikuangalia tena upande ule.

Nikaanza na magoti. Dakika mbili hazijaisha, diwani mmoja mama, mwenye miwani, akasema samahani, yeye ana mkutano mwingine, waruke hadi jedwali la watoto. Ukurasa wa thelathini na nane. Mtu wa mitambo akalikuza jedwali hadi likajaa ukuta mzima! Kila nyumba na namba yake. Sifuri, sifuri, sifuri, kama mayai.

Mkurugenzi akakaribisha maswali. Mke wangu akasimama. Alizungumza taratibu, kwa sauti ile anayotumia kwa mtoto aliyejikojolea.

"Ndugu mtafiti, nyumba namba arobaini na saba ina watoto wangapi?"

Nikatazama ukutani, ingawa nilijua.

"Sifuri," nikasema.

"Na mwenza?"

"Hayupo."

"Basi naomba unisaidie. Wale wawili ninaowaogesha kila asubuhi pale arobaini na saba ni wa nani?"

Nikajaribu kueleza kanuni ya kutomwandika nisiyemwona. Diwani mwenye miwani akauliza nilipita saa ngapi. Nikasema saa nne. Akauliza kama saa nne watoto huwa wako kituoni. Kuna mtu akacheka, kisha wote wakacheka, wakiwemo wale waliokuwa wamesinzia. Mke wangu hakucheka. Akafungua daftari lake, akasoma majina ya watoto, moja moja, na namba ya nyumba ya kila mmoja. Majina hamsini na nane. Alipofika kwa wanetu hakupunguza mwendo wala hakuongeza.

Jumamosi, 18 Mei

Mambo yametulia, kwa kiasi fulani.

Desimali katumwa Eneo C kurudia. Kapita siku tatu jioni. Kapata watoto arobaini na watatu kwenye kaya zile zile, yaani 1.08 kwa kaya, na asilimia ya wasio na kazi imeshuka kama jiwe. Kituo hakifungwi. Halmashauri inaongeza chumba kimoja. Walezi wamepiga vigelegele, sauti ilinifikia nyumbani.

Desimali kapewa nafasi. Kapewa na kiti. Kaja kunisalimia akiwa amekikalia, akijisukuma kwa miguu, nadhani bila kukusudia. Kaniambia nisikate tamaa. Mimi nimepewa barua ya onyo. Ina kurasa mbili. Nimesoma ya kwanza.

Mke wangu haongei nami. Hagombi, hanuni, haongei tu. Chakula ananiwekea. Akiwa na jambo anamtuma mkubwa: mwambie baba yako taa ya nje imeungua. Nyumba imekuwa na ukimya unaonielemea kifuani. Namkosa, na tunalala kitanda kimoja.

Wapo wanaume ambao wangekwenda kuomba radhi hivi hivi, gizani, bila takwimu. Radhi ya mapema inaweza kukataliwa. Radhi ya kuchelewa hali kadhalika. Lazima iwepo siku inayofaa, na siku hiyo inaweza kupigiwa hesabu. Nimenunua daftari. Kuanzia kesho naandika idadi ya maneno anayoniambia mimi mwenyewe kwa siku, kisha nachora mstari wa mwenendo. Mstari utakapopita maneno ishirini, hapo nitasema.

Alhamisi, 23 Mei

Matokeo yanatia moyo sana! Jumapili: neno moja (sogea). Jumatatu: mawili. Jumanne: mawili, ila moja lilikuwa la ukali, nimelipatia nusu alama. Jumatano: manne. Leo, kabla ya chai: matano. Mstari unapanda. Kwa mwenendo huu ishirini tutayafikia tarehe 9 Juni, mchana. Ifikapo mwakani ataniambia maneno zaidi ya mia nne kwa siku, jambo ambalo huenda likahitaji utafiti wake.

Mkubwa kaniuliza naandika nini kila mama anapoongea. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akasema mama analia jikoni. Nikamuuliza saa ngapi, ili niweke pembeni ya jedwali.

Jumapili, 26 Mei

Siku kubwa katika utafiti wangu!

Asubuhi watoto walikuwa nje wanacheza. Mimi sebuleni na daftari. Mke wangu katoka chumbani, kaja kukaa kwenye kochi. Siyo lile la mbali, hili hili langu. Kakaa kitambo akiwa amekunja mikono. Kisha akanigeukia, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano, akasema polepole:

"Baba watoto, huna jambo lolote la kuniambia?"

Maneno saba! Kwa mkupuo mmoja! Tangu nianze sijawahi kupata zaidi ya matano kwa siku nzima, na hii ilikuwa bado saa tatu asubuhi. Nikamwomba asubiri kidogo, nikaenda mezani haraka kuyaandika kabla sijasahau mpangilio. Nikachora nukta. Nikarudia hesabu ya mstari wote, na tarehe ya kuomba radhi imekaribia kwa siku tano nzima, hadi Jumanne ya tarehe 4.

Niligeuka nimpe habari njema, nikakuta kochi tupu. Bila shaka kafurahi, kaenda zake kupumzika. Tarehe 4 nitamwambia yote.